Nyanya wa Kliniki: Mbona mwanangu anakodolea vyuma vya dirisha?

Mwezi jana nilidokeza, kwa mstari mmoja tu, kwamba mtoto mchanga haoni kama tunavyoona sisi. Mstari huo umeniletea barua nyingi kuliko yote niliyowahi kuandika kuhusu kuharisha. Nimechagua sita. Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Majengo, Pumwani. Nimepima watoto katika kliniki za Eastlands miaka 31, na siku hizi ninayepimwa ni mimi, magoti. Nina wajukuu saba. Wa mwisho ana miezi minne, kwa hiyo majibu mengine hapa yameandikwa kwa mkono mmoja.

*Nyanya, shikamoo. Mwanangu wa kwanza ana wiki tano. Nilimnunulia kile kichezeo cha kuning'inia juu ya kitanda, chenye ndovu na twiga wa rangi ya waridi na samawati, kinazunguka na kuimba. Shilingi 2,800. Hakitazami hata kidogo! Anageuza shingo na kukodolea vyuma vya dirisha, dakika tano nzima. Mama mkwe anasema huenda anaona tusivyoviona. Mimi naogopa haoni kabisa. – Mama wa Kwanza, Kayole*

Marahaba, mwanangu. Anaona. Na mwambie mama mkwe, kwa heshima zote, kwamba anachokiona ni vyuma.

Jicho la mtoto wa wiki tano huona vizuri zaidi kitu kilicho karibu, sentimita 20 hadi 30 hivi. Chukua rula ya shule, ile ya sentimita 30, uiweke kati ya pua yako na pua yake: hapo ndipo penyewe. Pima pia kutoka kwenye titi hadi kwenye uso wako, utakuta ni hapo hapo. Kupita hapo, dunia yake ni kama kioo cha matatu asubuhi ya Julai, ukungu mtupu. Kinachopenya kwenye ukungu ule ni mpaka, pale giza linapokutana na mwanga. Sasa tazama dirisha lako: vyuma vyeusi vimesimama wima, anga nyeupe nyuma yake. Nyumba nzima haina mchoro mkali kuliko huo. Waridi hafifu juu ya samawati hafifu, kwa macho yale, ni uji.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawakwambii. Kichezeo kile kimechorwa kipendeze machoni pa mnunuzi anayesimama kando ya kitanda. Mtoto yuko chini. Yeye anaona nyayo za ndovu na matumbo ya twiga. Nilijua hivyo siku nilipojilaza chini ya kimoja dukani, muuzaji akadhani nimeanguka, akaniletea maji.

Mapema miaka ya 1960 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Robert Fantz, alikuwa akiwalaza watoto wachanga chali, anawaonyesha picha moja baada ya nyingine, naye anachungulia kwenye tundu apime wanaitazama kila picha kwa muda gani. Mwaka 1963 aliandika kuhusu watoto ambao hawajatimiza hata siku tano. Aliwaonyesha duara zenye mchoro wa uso, miviringo ndani ya miviringo, na kipande cha gazeti, pamoja na duara za rangi tupu. Uso ulitazamwa kuliko vyote, na hata gazeti lilizishinda rangi tupu. Kwa hiyo una vitu viwili nyumbani ambavyo hukuvilipia 2,800: gazeti la jana na uso wako.

Anza na uso. Subiri mtoto awe ameshiba, nepi kavu, macho wazi, halii. Wakati huo ni mfupi, pengine robo saa. Egemea ukuta, inua magoti, umlaze juu ya mapaja yako akuelekee, kichwa chake kwenye magoti. Nyamaza kwanza. Akina mama wengi huanza kelele kabla mtoto hajafika. Mngoje. Macho yatazungukazunguka, kisha yatatua, na mara nyingi hayatui kwenye macho yako. Yatatua pale nywele zinapokutana na paji la uso, au kwenye ukingo wa kitambaa ulichojifunga. Usidhani anakudharau. Ni ule mpaka tena, vyuma vya dirisha vimehamia kichwani kwako.

Yakishatua, inua nyusi. Fungua mdomo polepole, ufunge. Kisha peleka kichwa chako upande mmoja kwa mwendo wa mshale wa saa, si wa mtu anayekimbilia basi. Ataachwa nyuma, halafu macho yataruka kukufuata, yatasimama, yataruka tena, kama boda boda kwenye matuta. Akikupoteza, rudi pale alipokuachia. Hapa ndipo ninapokosana na wengi: wanafanya mchezo kwa mwendo wao wenyewe, halafu wanasema mtoto hafuati. Mtoto anafuata. Wewe ndiye uliyekwisha ondoka.

Siku nyingine tumia karatasi. Pasua boksi la majani chai, bandika karatasi nyeupe, chukua kalamu ya wino mzito uchore milia mipana kama kidole, upande wa pili ubao wa drafti. Ishike umbali wa rula, upande mmoja kwa wakati, hadi achoke. Ukiwa na leso yenye pindo jeusi na jeupe, hiyo nayo ni picha tosha.

Kile kichezeo usikitupe. Akifika miezi mitatu au minne kishushe, kisogee usawa wa kifua chake, na utaona atakavyokipiga mateke. Akianza kujiinua kwa mikono, kiondoe kabisa, kamba zile si za kuchezea.

Kama kufikia kliniki ya wiki 14 bado hafuati uso wako kwa macho, au macho yanachezacheza wakati wote bila kutulia, usisubiri uulizwe. Mwambie muuguzi.

*Nyanya, mtoto ana siku 20. Wifi yangu amempaka wanja machoni na doa jeusi kwenye paji la uso, ati macho yawe makubwa na husuda isimpate. Mume wangu amenyamaza. Niseme nini? – Bi Harusi wa Jana, Eastleigh*

Mimi mwenyewe nilipakwa, na picha ninayo, nafanana na paka aliyeingia jikoni. Lakini wanja mwingi wa sokoni una madini ya risasi, na risasi huingia mwilini mwa mtoto kimya kimya ikadhuru ubongo. Jicho halikui kwa wanja. Kidole kinachoupaka nacho kinaweza kuleta maradhi. Mfute kwa pamba na maji safi yaliyochemshwa yakapoa, usiligombanie neno na wifi, sema nyanya wa gazetini amekataza, lawama nitabeba mimi. Kwa husuda msomeeni dua, dua haina risasi. Na ule weusi wifi aupeleke kwenye karatasi, achore miviringo miwili mikubwa na mdomo, amshikie mtoto umbali wa rula. Atamfaa zaidi hivyo.

Tena, kwa kuwa tuko hapo: jicho la mtoto mchanga likitoa usaha na kuvimba, msikamulie maziwa ya mama. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

*Nyanya, hujambo. Mimi ni kondakta. Nafika nyumbani saa tatu usiku, mama mtoto amechoka, ananikabidhi binti wa miezi mitatu na nusu. Nina nusu saa hivi naye, na mara nyingi stima zimepotea. Kuna mchezo wowote, au nisubiri aanze kutembea? – Baba Msichana, Umoja*

Sijambo, baba. Barua yako nimeisoma mara tatu kwa furaha. Katika miaka 31 akina baba walionijia kuuliza mchezo nadhani nawahesabu kwa vidole, na viwili vinabaki.

Umempata wakati mzuri. Sasa rangi anaziona, na nyekundu ni miongoni mwa zile za mwanzo, kwa hiyo hiyo sare yako ya maruni ina kazi ya pili. Macho yake mawili yameanza kufanya kazi pamoja, na mikono inaanza kutamani kile macho yanachokiona. Ingia mlangoni, usimrukie. Simama kando, uite kwa ile sauti ya stejini, ila chini kidogo. Atatulia, atasikiliza, kisha macho yatakutafuta. Yakikupata, utajua mwenyewe. Uso mzima utafunguka.

Mchezo wa pili uko mfukoni mwako. Sarafu. Lakini sarafu mkononi mwa mtoto ni hatari, ataimeza, kwa hiyo zitie kwenye chupa ndogo ya plastiki, ufunge kifuniko kwa gundi kali, uvute uhakikishe hakifunguki. Mlaze chali. Tikisa chupa upande wa sikio la kulia, mahali asipoiona, unyamaze, usubiri. Sikio litayaita macho. Akiiona, isogeze taratibu hadi katikati ya kifua, umbali ambao mkono wake ukinyooka unagusa. Utauona ule mkono: unatoka, unapita pembeni, unarudi, unapiga chupa kwa ngumi, vidole bado vimesahau kufunguka. Usimsaidie upesi. Rudia upande wa kushoto. Mkimaliza, chupa ipande juu ya kabati.

Stima zikipotea, washa tochi ya simu, kamwe usimmulike machoni. Mulika ukuta au dari. Sogeza lile duara la mwanga taratibu, lisimame, lirudi. Pitisha vidole mbele ya tochi, kivuli cha mkono wako kikubwa kama mlango kitamshangaza. Mshumaa nakukataza. Nimewahi kuona neti ya mtoto ikishika moto, na sitaki kuisimulia hapa.

Mwisho, lala chali wewe, umweke kifuani kifudifudi akuelekee. Atajikaza kuinua kichwa akuone. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2019, linataka mtoto ambaye hajaanza kutambaa akae kifudifudi akiwa macho angalau dakika 30 kwa siku, zikigawanywa. Dakika zako tano zinahesabika. Ila umetoka kazini tangu alfajiri, baba. Ukihisi kope nzito, mrudishe kitandani kwake mara moja, alale chali. Kifua cha mtu aliyelala si kitanda cha mtoto.

*Nyanya, mwanangu ana miezi miwili. Jicho la kushoto huingia ndani, kisha linarudi. Mwenye nyumba anasema ni kwa sababu namchezesha na vitu vya karibu. Ni kweli? – Mama Wasiwasi, Kariobangi*

Si kweli. Mwenye nyumba akusanye kodi. Michezo ya karibu haileti makengeza.

Macho mawili ya mtoto ni kama ng'ombe wawili wapya kwenye plau, mmoja huvuta huku na mwingine kule kabla ya kuzoeana. Jicho linaloingia na kurudi kwa mtoto wa miezi miwili, mara nyingi hutulia lenyewe kufikia miezi minne. Lakini jicho lililopinda muda wote, bila kurudi, halingoji miezi minne. Na likiwa bado linapinda baada ya miezi minne, hata kama ni mara moja moja jioni akichoka, lipimwe.

Watoto wetu wengi wana mzizi wa pua mpana, na ngozi ile hufunika weupe wa jicho upande wa ndani, ukadhani ana makengeza. Mkalishe akiangalia dirisha. Utaona dirisha dogo linang'aa ndani ya kila jicho. Likiwa limekaa mahali pale pale katika macho yote mawili, hiyo ni dalili njema, ingawa si cheti.

Mchezo wa umri huo: anza na uso wako kwa urefu wa mkono, umsogelee polepole hadi umbali wa rula, urudi nyuma. Macho yake yanajifunza kukutana. Kama unamnyonyesha, kubadilisha titi kunamgeuza mwenyewe. Kama ni chupa, badilisha mkono, kwa sababu ukimshika daima mkono wa kushoto, dunia inamjia daima upande mmoja. Mlaze leo kichwa huku, kesho kule. Akikua kidogo, funika jicho moja kwa kiganja, kwa utani, kisha jingine. Akinyamaza ukifunika la kushoto lakini akapiga kelele ukifunika la kulia, amekwambia jambo, na jambo hilo lifike kwa daktari.

Hapa nikiri langu. Miaka ya nyuma, kwenye arusi mtaani kwetu, jirani alinionyesha picha ya mwanawe kwenye simu. Mtoto alikuwa na miezi mitano. Jicho moja lilikuwa na ule wekundu wa kawaida wa kupigwa picha kwa mwanga. La pili lilikuwa jeupe. Nilikuwa na sahani ya pilau mkononi. Nikasema, "Ni kamera hiyo," nikaendelea kula. Mimi, muuguzi! Usiku usingizi haukuja. Alfajiri nikagonga mlango wao nikiwa na kanga za kulalia, nikamtazama mtoto karibu na mlango wenye mwanga, nikaona weupe ndani ya mboni, kama tone la maziwa. Tulipanda matatu ya kwanza. Alikuwa na mtoto wa jicho, alizaliwa nao. Alifanyiwa upasuaji, leo anavaa miwani minene na anasoma, lakini jicho lile halijawahi kuona sawa na mwenzake. Daktari alituambia wazi kwamba ingefaa tuje wiki za mwanzo.

Sababu yake ilipatikana zamani. David Hubel na Torsten Wiesel, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981, waliziba jicho moja la paka wachanga kwa muda, kisha wakalifungua. Jicho lilikuwa zima, lakini ubongo ulikuwa umekwisha zoea kutumia lile jingine. Kuna msimu wa ubongo kujifunza kuona, kama kuna msimu wa kupanda mahindi. Na weupe kwenye mboni si mtoto wa jicho kila wakati. Unaweza kuwa saratani ya jicho inayoshika watoto wadogo, na hiyo ikiwahiwa inatibika, ikicheleweshwa inaua. Kwa hiyo tazameni picha za watoto wenu. Weupe wa mara moja unaweza kweli kuwa kamera, ila aseme hivyo aliyempima, si shangazi mwenye sahani ya pilau. Kijitabu cha kliniki kina sehemu ya macho, na kila mara naikuta tupu. Kifungue mbele ya muuguzi, uweke kidole hapo. Mkitumwa mbele, hospitali ya Kenyatta kuna kitengo cha macho, kuna hospitali ya Lions kule Loresho, na kuna ya Kikuyu.

*Nyanya, natoka Pipeline saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini Industrial Area, narudi saa moja jioni. Mtoto ana miezi minane. Jumanne nilirudi mapema nikakuta dada wa kazi amemshikia simu, katuni, karibu na pua. Anasema ndipo anapotulia. Nimfukuze? – Mama Shifti*

Usimfukuze. Kaa umhesabie saa zake. Saa kumi na nne na mtoto, nguo, sufuria, maji ya kupandisha ngazi, nyumba ya chumba kimoja. Simu imemsaidia kama inavyokusaidia wewe kwenye foleni. Hata hivyo simu iondoke. Mwongozo ule wa 2019 niliotaja unasema mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa. Katuni inakimbia bila kumngoja, nayo haimtazami yeye. Lakini ukimnyang'anya dada simu bila kumwachia kitu, ifikapo saa nne asubuhi itarudi.

Mwachie kikapu. Ndani yake tia kifuniko cha sufuria kinachong'aa, mwiko, chungwa zima, kitambaa chekundu, kikombe cha bati, chupa yenye maji na rangi kidogo iliyozibwa kwa gundi. Chochote kinachopita ndani ya kile kibomba cha katikati ya karatasi ya choo ni kidogo mno, kitamkaba, toa. Kila asubuhi badilisha vitu viwili, vingine viache. Akiwa anafua, mtoto akae mkekani na kikapu, hatua mbili kutoka kwake.

Mfundishe dada mchezo wa kuficha, nao hauhitaji chochote. Miezi minane ni umri mtamu: mtoto anaanza kujua kwamba kitu kikifichwa bado kipo. Alipokuwa na miezi mitano, ukifunika kijiko, kwake kimekufa. Sasa funika kijiko kwa leso huku akiona, mpini ukichungulia. Atavuta. Kesho kifunike chote. Atakutazama wewe, atatazama leso, atatazama wewe tena, na hapo dada asiseme kitu, aache ule mkono uamue. Kisha ajifunike mwenyewe uso na kuuliza, "Dada yuko wapi?" Atafunuliwa mara hamsini. Na kile kijiko kinachoangushwa chini mara kwa mara si ukaidi, anakifuata kwa macho ajue kinakokwenda. Kiokoteni.

Pipeline naijua. Maghorofa yamebanana, ukifungua dirisha unaona sufuria ya jirani, na chini mchana ni kama magharibi. Mtoto hapati cha mbali cha kutazama. Mara moja kwa siku dada ampandishe juu kwenye kamba za nguo, amshike barabara, mbali na ukingo. Ndege za uwanja wa Embakasi zinapita hapo. Aonyeshe kwa kidole na kusema "ndege." Mwanzo mtoto atatazama kidole, siyo ndege. Wiki chache baadaye atatazama kinakoelekea. Jua lenyewe wasilitazame, saa tatu asubuhi au saa kumi jioni panatosha.

Ngazi sasa. Mwaka 1960 Eleanor Gibson na Richard Walk waliandika kuhusu jaribio lao la Marekani: meza ya kioo iliyoonekana kama ina shimo upande mmoja, na watoto wengi wanaotambaa walikataa kuvuka shimo hata mama akiwaita. Macho yao yalikuwa yameshajua kina. Wengi, nimesema. Wachache walivuka, na ngazi za ploti yenu hazina kioo. Weka ubao mlangoni.

Mtoto alipewa tone la vitamini A la miezi sita? Kama hakupewa, nenda kliniki. Kwenye sahani mtie boga, mchicha na viazi vitamu vya rangi ya machungwa. Macho nayo yanakula.

*Nyanya, mapacha wangu walizaliwa wiki nane kabla ya tarehe. Wana miezi mitatu. Mmoja anafuata uso wangu vizuri. Wa pili, kila nikimsogelea anageuza kichwa. Nikihamia upande ule, anageuza tena. Hanipendi au haoni? – Mama Mapacha, Kawangware*

Anakupenda. Hesabu upya kwanza: watoto wako si wa miezi mitatu kwenye macho, ni wa mwezi mmoja na kidogo, kwa sababu tunahesabu kutoka ile tarehe waliyotakiwa kuzaliwa. Kwa umri huo yule wa kwanza ndiye aliyewahi, wa pili hajachelewa. Waliozaliwa mapema kiasi hicho hustahili kupimwa nyuma ya jicho na daktari wa macho. Tafuta karatasi za hospitali uone kama walipimwa wote wawili. Kama hakuna kilichoandikwa, nenda ukaulize wiki hii.

Kuhusu kugeuza kichwa: mtoto wa namna hiyo huchoka kwa kuona kama wewe unavyochoka kwa kubeba mtungi. Atapiga chafya bila mafua, atapata kwikwi, atatandaza vidole, atapiga mwayo, kisha atageuza uso. Hana namna nyingine ya kusema basi. Wewe ukihamia upande wa pili, ni kama mgeni aliyeagwa akakaa tena kitini. Mchezo wake uwe wa dakika moja, mbili, mwanga wa chumba uwe hafifu, uso wako tu, bila sauti, bila kumtikisa. Pacha mmoja kwa wakati. Akigeuza uso, keti hapo hapo usimfuate. Mara nyingine baada ya kupumua kidogo hurudi mwenyewe kukutafuta. Asiporudi, mlaze.

Wangu wa miezi minne, niliyempakata nikiandika haya, amegeuza wake sasa hivi.